Rehema, Kuhusu Bunduki Uliyoniulizia

Weston, Jumamosi mchana

Rehema mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kusuka nywele, na kazi hiyo siijui kuisha chini ya saa nne. Asubuhi tumeamkiana na tumekunywa chai pamoja, kwa hiyo sitatumia ukurasa kukuuliza hali. Habari za makoti, viatu vya theluji, kodi ya chumba na kanisa la kusali huko Thunder Bay unakohamia mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na atakuambia mara ya nne kesho kituoni. Wewe ni muuguzi. Unajua kula na kulala kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali ulilomtuma mama yako siku ya Jumatano. Alikuja jikoni akaweka simu yako mezani, mbele ya sahani yangu, ikiwa na picha mbili.

"Baba Rehema, mwanao anauliza ni bunduki ipi kati ya hizi. Anasema wewe unazijua."

Nikavaa miwani. Kabla sijasema lolote akaongeza, "Baada ya yale aliyoyafanya, bado ana moyo wa kuulizia bunduki. Sijui amemrithi nani."

Nilizitazama zile picha muda mrefu kuliko zilivyostahili. Kisha nikasema, "Mwambie nitamwandikia."

Chumba chako na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, lakini ulimtuma mjumbe. Sikulaumu. Tangu siku ile hujaniuliza jambo lolote la bunduki, na kwa hakika hujaniuliza jambo lolote ambalo jibu lake lingekuwa refu.

Nianze na ulichouliza, maana umeuliza kwa adabu na unastahili jibu.

Zote mbili hutumia zile risasi ndogo ambazo kiwashio chake kimo ukingoni mwa kitako cha ganda, na zote hujipakia zenyewe: ukifyatua, ganda hutoka na risasi inayofuata huingia. Zote zimeuzwa katika nchi hii tangu kabla hujazaliwa, na kila mtu atakayekuona uwanjani atakuwa na maoni juu yako, hata yule ambaye hukumwomba. Ya kwanza ina magazini ya risasi kumi inayoingia tumboni mwa bunduki hata usiione. Vipuri vyake viko katika kila duka. Watu huibadilisha mtutu, kitako na kifyatulio mpaka kinachobaki ni namba ya usajili tu. Ikitoka dukani haina shabaha nzuri sana, lakini huvumilia uchafu, na ikiharibika si lazima utafute fundi bingwa. Ya pili haina magazini. Ina bomba chini ya mtutu, na unaingiza risasi moja baada ya moja, kumi na nne, mkono wako ukiwa karibu na mdomo wa mtutu. Ni nyepesi, mti wake ni mzuri, na hupiga inapoelekezwa tangu siku ya kwanza. Kuijaza kwa vidole vilivyokufa ganzi ni adhabu, na Thunder Bay vidole hufa ganzi mapema.

Mutua, mlinzi mwenzangu, atakushauri ya tatu isiyomo katika picha zako, nyeusi, ya plastiki, inayofanana na za askari. Usimsikilize. Orodha ya serikali ya silaha zilizokatazwa imerefushwa mara kwa mara miaka hii, na zinazofanana na za kijeshi ndizo hutazamwa kwanza. Isome orodha hiyo mwenyewe wiki unayonunua. Usimwamini muuzaji, wala Mutua, wala mimi.

Usinunue katoni ya risasi kabla hujaijua bunduki yako. Nunua pakiti ndogo za aina nne au tano, lala juu ya mfuko wa mchanga, piga tano tano za kila aina kwenye karatasi iliyo mbali mita hamsini, kisha tazama matundu ya aina ipi yamekusanyika. Bunduki hizi hupenda risasi moja na kukataa nyingine, na hakuna ajuaye sababu. Mimi nilinunua katoni nzima kwa kuwa nilipenda sura yake, na kwa miezi minane bunduki yetu ilikwama kila baada ya risasi ya sita. Katika miezi hiyo nilikuambia kwamba hukishiki kitako sawasawa. Ulikishika sawasawa.

Ukifyatua ukasikia mlio mkavu bila mshindo, usiigeuze bunduki kuitazama. Iache ielekee kwenye tuta la mchanga nyuma ya shabaha, uhesabu polepole mpaka thelathini. Na mafuta: katika baridi hugeuka gundi. Yafute mpaka udhani umeyamaliza, kisha futa tena.

Hayo ni maarifa ya kweli. Nikiishia hapo utakuwa umepata barua ya mwalimu, na barua za namna hiyo umepata nyingi.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilikuwa nikilinda lile jengo la Flemingdon Park pamoja na Mutua, naye ndiye aliyenichukua mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, kaskazini ya Richmond Hill. Nilikuambia tufuatane. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na ulikuwa umeacha kunijibu kwa Kiswahili. Nikisema kwa lugha yangu ulijibu kwa Kiingereza, na nikikusahihisha ulinyamaza. Pale uwanjani maneno yanayohitajika ni machache: tayari, tupu, kushoto kidogo, vuta pumzi. Uliyasema yote kwa Kiswahili, wala sikupata cha kusahihisha. Kwa miaka mitatu Jumamosi zilikuwa siku zetu, na nilizingoja kuliko nilivyowahi kukuonyesha.

Mama yako hakuzipenda. Ombi langu la leseni lilipotaka sahihi yake, kama sheria ya hapa inavyotaka kwa mke au mume, aliishika kalamu hewani muda mrefu. "Nikitia sahihi hapa," alisema, "siku ukija kuua mtu, mimi nimo ndani." Akatia sahihi. Neno lile lilikaa ndani yangu kama mwiba, na nitakuambia lilinifanya nini.

Ulipopata leseni yako mwenyewe, ukiwa na miaka ishirini, tulikwenda dukani kununua bunduki ya kwanza ya nyumba yetu. Ulikuwa umesoma mwezi mzima. Ulikuja na daftari uliloligawa kwa rula sehemu mbili, huku uzuri na huku ubaya. Ulitaka ile ya magazini. Muuzaji alizilaza zote mbili juu ya kaunta, nami nikainua ile ya bomba, kwa kuwa haina tumbo, na mti wake mzuri ulinikumbusha zile tulizobeba kwenye mafunzo ya mgambo nikiwa chuo cha ualimu. Nikasema, "Hii ndiyo bunduki."

Mutua alikuwepo. Akacheka. "Mwalimu, sasa ni mtoto anachagua ama ni wewe?"

"Ninamfundisha kuchagua."

"Ai! Na hajafungua hata mdomo."

Wewe ukafungua mdomo. Ulisema, "Baba, hii ya bomba huwezi kuona kama imeisha. Ile nyingine unatoa magazini, unaiweka mezani, kila mtu anaona."

Nikakujibu, "Macho yako yana kazi gani?"

Muuzaji hakujua lugha lakini alicheka kwa jinsi nilivyosema. Nilijisikia vizuri. Ulilifunga daftari lako, ukalitia mfukoni, na hukulitoa tena. Nimelikuta wiki hii kwenye sanduku la vitu unavyoviacha. Nimeisoma ile safu ya ubaya wa bunduki ya bomba. Mstari wa pili umeandika kwamba risasi ya mwisho huweza kukwama ndani, na mwenye bunduki akadhani imekwisha. Uliandika hivyo kabla hatujainunua.

Sasa siku yenyewe. Unaijua, lakini hujawahi kuisikia kwangu.

Ilikuwa Februari, baridi ya kupasua midomo. Msimamizi alipaza sauti watu wasimamishe kupiga. Kanuni unaijua: kila mtu hutoa risasi, huacha bunduki wazi juu ya meza, hurudi nyuma ya mstari wa njano, na hakuna anayegusa kitu mpaka waliokwenda kubadilisha karatasi za shabaha wamerudi. Mimi nilichelewa. Nilitoa bomba la ndani, lile linalosukuma risasi, nikainamisha bunduki, risasi nne au tano zikadondoka mezani. Nikavuta boliti mara mbili, hakuna kilichotoka. Nikachungulia chemba, pale risasi inapongoja kupigwa, haina kitu. Mutua alikuwa ameanza kwenda mbele na karatasi zake mkononi. Akageuka akaniuliza, "Iko sawa, Mwalimu?"

"Tupu," nikasema. Akaenda.

Wewe ulikuwa nyuma ya mstari tayari. Ulisema, "Baba, iache wazi."

Sikuiacha wazi. Nilirudisha bomba la ndani, nikaachia boliti ijifunge, nikaelekeza mtutu juu, nikabana kifyatulio. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa mgambo: ukimaliza ukaguzi, unafyatua hewani ili kulegeza springi, na afande akisikia mlio mkavu anajua bunduki yako ni salama. Nililifanya jambo hilo mara elfu nikiwa kijana, nalo lilikuwa salama, kwa sababu bunduki zile zilikuwa na magazini na magazini ilikuwa mkononi mwa afande. Kwenye hii ya bomba, risasi moja ilikuwa imeganda ndani kwa baridi na mafuta. Niliporudisha bomba la ndani niliisukuma, na nilipoachia boliti niliiingiza chemba kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilitoboa bati la banda. Theluji ya paani ilinimwagikia kichwani. Kule mbele watu walijitupa chini, na nilimwona Mutua amelala kifudifudi, mikono kisogoni.

Nikaweka bunduki mezani, nikarudi nyuma. Miguu ilirudi yenyewe, ikavuka mstari wa njano. Wewe ukafanya kinyume: ulikwenda mbele, ukavuta boliti, ukatoa ganda, ukalichomoa bomba, ukaacha kila kitu wazi. Pale bandani tulikuwa watu kumi na zaidi, wengine wote wakitazama mbele tangu kabla ya mlio, na wewe peke yako ulifanya lililopaswa kufanywa. Msimamizi, yule mzee Gordon, alikuwa mwisho wa banda akizungumza na mtu. Alikuja mbio, akakukuta mikono yako ikiwa juu ya bunduki.

"Nani kagusa hii?"

Ulinitazama.

Nimelifikiria lile jicho miaka minne. Halikuwa la kunilaumu. Lilikuwa la kuningoja tu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuvaa viatu.

Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, kile ninachokitumia ofisini kwa watu, "Bado anajifunza."

Maneno mawili kwa lugha yetu. Gordon alikupeleka ofisini, akakuandika, akachukua kadi yako ya uanachama ambayo ilikuwa na miezi miwili, na akakuambia usirudi. Mimi aliniambia, kwa upole, kwamba kijana anahitaji uangalizi zaidi. Nilimshukuru.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza, na sababu ni ndogo hata naona haya kuiandika. Nilimsikia mama yako na kalamu yake hewani. Nilijiona nikiingia nyumbani na kusema kwamba nimefyatua risasi watu wakiwa mbele, na kwamba alichokisema kimekaribia kuwa kweli. Nilikuwa mwalimu miaka ishirini na sita. Huku nililinda milango ya watu, na kitu pekee kilichobaki cha ualimu ni kwamba Mutua aliniita Mwalimu na nyumba yangu iliniamini. Nikaona wewe bado kijana, utapona. Ndivyo nilivyowaza, Rehema.

Mutua ndiye aliyeturudisha kwa gari lake mpaka Weston. Aliposhuka kununua sigara uliniuliza, kwa Kiswahili, "Baba, utawaambia lini?"

Nikakuambia, "Tutazungumza nyumbani."

Nyumbani ni mimi niliyezungumza. Nilimweleza mama yako kwamba imetokea ajali ndogo, kwamba Rehema alisahau, kwamba hakuna aliyeumia. Ulikuwa umesimama pale pale na koti lako. Mama yako alikugeukia, na unayajua maneno aliyoyasema. Alikunyima salamu wiki mbili. Mimi nilikuwa nikila. Nilikula wiki mbili zote nikiwa nimeinamia sahani.

Kisha likaja hili la Mutua. Kila Jumapili baada ya ibada alikuita mdunguaji, mbele ya watu wakiwa na vikombe vya chai: "Mjihadhari, sniper amefika! Huyu msichana alitaka kunitoa roho, mimi nikiwa na deni ya nyumba!" Watu walicheka. Wewe ulicheka pia. Ulijifunza hata kumjibu, "Anko, ulikuwa mbali, ndiyo maana nilikukosa." Na mimi nilicheka, kwa sauti, nikiwa na kikombe mkononi. Mara moja mgeni aliniuliza kama wewe ndiye uliyefanya hivyo kweli. Nikamwambia, "Vijana!"

Niliwaambia watu kwamba mwanangu ana heshima. Nilisema hivyo kwa fahari, nikiwaza unyamavu wako. Hukuwa na heshima kwangu tena, na ulikuwa na haki. Ulikuwa umechoka kungoja tu.

Basi Jumatano mama yako aliponiletea zile picha, aliniletea na jambo la pili. Alisema klabu ya shabaha ya Thunder Bay ina fomu, na fomu inauliza kama mwombaji amewahi kufukuzwa na klabu nyingine, na kama ndiyo, aeleze. "Anauliza aandike nini," mama yako alisema. "Mimi nimemwambia aandike ukweli."

Alisema hivyo akikusanya vyombo. Hakujua aliniambia mimi.

Alhamisi nilimpigia Mutua, nikamwomba anipeleke uwanjani. Alifurahi. Alidhani nataka kurudi kupiga. Tulipopita Richmond Hill nikamwambia. Sikutafuta njia ya kulianza. Nilisema, "Mutua, siku ile ya Februari ni mimi niliyefyatua. Rehema aliikuta bunduki mezani, akaifungua."

Mutua akaingia kwenye kituo cha mafuta, akazima injini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mwalimu. Mimi nimemtania huyo mtoto miaka nne."

"Najua."

"Kanisani. Mbele ya watu. Na wewe unacheka."

"Ndiyo."

"Si ungeniambia hata pembeni? Hata kama ni siri, mimi ni nani, mimi ningemwambia nani?"

Alishuka, akazunguka gari mara mbili bila koti, akarudi. Tulipofika uwanjani hakuingia ndani.

Gordon bado yuko, amezeeka na anatumia fimbo. Nilimwambia nimekuja kusahihisha taarifa. Akalitafuta faili lako, akalikuta upesi, kwa sababu wanaofukuzwa pale ni wachache. Nikamweleza kama nilivyokueleza hapa: bomba la ndani, boliti, springi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na binti yako alijua?"

"Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu."

"Akanyamaza?"

"Mimi ni baba yake."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Mimi nina mabinti wawili. Wangenitaja kabla moshi haujaisha."

Sikujua kama anatania. Sidhani alitania. Akanipa karatasi nikaandika, nikatia sahihi, naye akatia yake. Nilimwomba alifute jina lako kwenye faili. Alisema faili halifutwi. Kinachowezekana ni kuambatisha maelezo yangu juu yake, na kamati itakapokutana itakuandikia barua kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa. Kwa hiyo jina lako litabaki pale, na juu yake litakaa langu. Nilidhani kusema ukweli kungelisafisha kila kitu. Kumbe kunaongeza karatasi tu. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa kadi yangu ya uanachama.

Mutua alinirudisha mpaka kituo cha basi, si mpaka nyumbani. Alisema, "Shuka hapa, Mwalimu." Halafu, nikiwa nimekwisha fungua mlango, akasema jina langu la kwanza, ambalo sikujua kama analijua, "Hapana. Shuka hapa, Anselm."

Jana alipokuja kukuaga ulishangaa. Alikushika mikono yote miwili pale mlangoni, hakukuita sniper, akasema, "Unisamehe, mama," na akaondoka bila kuvua viatu. Ulinitazama. Nilijifanya natafuta ufunguo. Hata jana, Rehema, baada ya kumwambia Gordon na Mutua, nilijifanya natafuta ufunguo.

Nakala ya maelezo, yenye sahihi mbili, imo ndani ya bahasha hii. Iambatishe kwenye fomu yako, na mahali pa kueleza andika lililotokea, pamoja na jina langu. Usinisitiri. Usiandike "mtu mwingine". Andika "baba yangu".

Na bunduki, nunua uliyoichagua ulipokuwa na miaka ishirini. Sikuelekezi tena. Nakueleza tu kwamba nimelisoma daftari lako na ulikuwa sahihi, pamoja na sababu. Ukifika uwanjani kwa mara ya kwanza, atakuwepo mzee wa kukuambia ile ya bomba ndiyo bunduki hasa. Mwache aseme. Toa magazini, iweke mezani, acha chemba wazi, urudi nyuma ya mstari. Ile ya hapa nimeifunga kwa kufuli na nitaiuza. Sikupi, wala usiiombe.

Huenda ukadhani nimekuandikia haya ili uondoke na moyo mwepesi kunihusu. Nimekuondolea kazi moja tu, ya kujaza fomu. Miaka minne ya chai ya kanisani sina ninapoweza kuipeleka ikaambatishwa. Ukikaa huko bila kupiga simu nitaelewa, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ni kwa sababu vijana wa huku hawana adabu.

Limebaki moja. Nimemwambia msimamizi, mgeni kwangu. Nimemwambia rafiki, na nimempoteza. Mama yako sijamwambia. Nimemwacha wa mwisho kwa kuwa ndiye niliyedanganya kwa ajili yake, na kwa sababu miaka minne amekuwa akikuhukumu wewe kwa kosa langu, akidhani anakulea. Nilifikiria kusubiri mpaka basi lako liondoke kesho. Ningekuwa nimesema ukweli, na wewe usingekuwepo kuuona uso wake. Huo ungekuwa ule ule mchezo wangu.

Nasikia sauti zenu kwenye ukumbi wa lifti. Mama yako analalamika kwamba wamekusuka kwa kubana sana, nawe unacheka. Nitawafungulia mlango, nitamwomba aketi, na nitamwambia ukiwa umesimama hapo hapo, kabla hamjavua makoti.

Baba yako